Tundu Nyuma ya Kochi

Ufa uzibe, tundu liulize. Hivyo ndivyo alivyosema matroni leo asubuhi alipomkuta mmoja wenu (hatumtaji, ingawa anayetazama viatu vyake anajijua) akisukuma kifuniko cha kalamu ndani ya soketi ya bweni. Mlicheka, kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi, wala haikuanza zamani za wanyama kusema. Ilianza Tukuyu, nyuma ya kochi.

Palikuwa na binti aitwaye Tunsume. Baba yake, kabla ya kufariki, aliwajengea nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye kuta nene hata mvua ya Tukuyu, ambayo haina adabu, iligonga ikachoka. Kuta hizo zilizuia baridi, zikazuia wezi, na miaka ilipopita zikazuia na mtandao. Intaneti ilishuka kutoka kwenye dishi la paani ikaishia chumba cha mbele. Sebuleni, upande wa nyuma, haikufika hata harufu yake. Simu nazo, pale bondeni, zilishika pale tu mtu alipopanda juu ya tangi la maji.

Jambo hilo lisingemkosesha mtu usingizi, lakini Tunsume alikuwa ameposwa. Kwa kuwa baba hayupo, neno la kumtoa lilikuwa la Baba Mkubwa Gwakisa, naye aliishi Norwei, kwenye theluji. Wazee wa upande wa mchumba wake, Lusajo, wakiongozwa na Mzee Mwasomola, walikwisha kuja mara moja kulisikia. Simu ilikatika kila Baba Mkubwa alipofungua kinywa, wakarudi kwao wakinong'ona kwamba ukoo ule haumtaki kijana wao. Walikubali kuja tena, lakini wakasema ni mara ya mwisho.

Basi Tunsume akaamua kutandaza nyaya mwenyewe. Aliichora nyumba nzima kwa chaki kwenye sakafu ya stoo, akaifuta, akaichora upya. Mlangoni mwa mtandao aliweka faiwoli, kisanduku chenye kazi ya askari wa geti: anayeingia aulizwe anakwenda kwa nani. Baba Mdogo Ambakisye alipoambiwa kwamba maana ya jina hilo ni ukuta wa moto, alileta ndoo ya mchanga akaiweka kando yake. Baada ya faiwoli ilifuata swichi kubwa, na nyuma ya kochi la sebuleni swichi ndogo ya kuunganisha televisheni. Hizi si swichi za taa. Ni visanduku vyenye matundu. Ujumbe ukipiga hodi kwenye tundu moja ukimtafuta mtu ambaye visanduku havimjui, huipaza hodi hiyo kwenye matundu mengine yote mpaka mwenyewe apatikane.

Kati ya swichi hizo alipitisha nyaya mbili katika bomba moja: mmoja wa kazi, mmoja wa akiba, maana panya wa Tukuyu hawachagui chakula. Ule wa akiba aliuchomeka upande wa swichi kubwa tu, na ncha ya pili akaiacha ining'inie nyuma ya kochi. Alipowasha, taa ndogo za kijani zilikonyeza kwa zamu, kama wanakwaya wanaojua sauti zao. Tunsume alizitazama mpaka chai yake ikapoa. Ndani ya kuta za baba yake sasa palikuwa na njia.

Siku ya wageni, sebule ilikuwa chini ya Shangazi Sekela. Huyu alikuwa mama ambaye akimwona mtu asiyemjua ana kifungo wazi kanisani, humfungia. Methali aliyoishi nayo ilikuwa moja: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wazee walipokuwa wakiketi, naye Baba Mkubwa amekwisha kuonekana kwenye televisheni akirekebisha kola, Shangazi aliinama nyuma ya kochi kidogo, akainuka ameridhika.

Baba Mkubwa akasema, "Mimi, kwa niaba ya," akaganda, kinywa wazi.

Tunsume alikuwa chumba cha mbele, maana mwari haingii sebuleni kabla ya kuitwa. Aliona taa za swichi kubwa zikiacha zamu zao na kuwaka zote pamoja, kwa kasi ambayo jicho halikuifuata. Baba Mdogo akatokea mlangoni na ndoo yake.

"Ukuta wako umeshika moto."

"Haujashika, Baba. Wanasemaje huko?"

"Hawasemi. Mzee Mwasomola ameshika kofia."

Kofia ikishikwa, maneno yamekwisha. Tunsume alichomoa waya wa faiwoli. Taa hazikujali. Akachomoa wa jikoni, wa chumba cha wageni, wa kompyuta. Sasa hakuna aliyeingia wala kutoka, na bado taa zilipiga kelele. Ndipo alipoona kwamba moja kati ya hizo ilikuwa ya waya wa akiba, na waya usiofika popote hauwashi taa.

Basi ncha ile ya nyuma ya kochi ilikuwa imechomekwa. Ujumbe mmoja mdogo ulikuwa umepiga hodi, ukaenda sebuleni kwa waya huu, ukarudi kwa ule, ukapokewa kama mgeni mpya, ukapazwa tena. Hodi moja isiyo na mwenyewe ilikuwa ikizunguka ndani ya kuta za baba yake, ikijizaa kuliko majani ya chai ya Rungwe nzima, na ingezunguka hivyo mpaka kiyama au mpaka umeme ukatike, lolote litakalotangulia. Sauti ya Baba Mkubwa ingepenya wapi? Kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alisahau posa akabaki kuistaajabia.

Kisha akauchomoa waya wa akiba. Taa zikatulia kama kanisa baada ya amina. Akarudisha zile nyaya nyingine upesi, wa faiwoli kwanza.

Sebuleni Mzee Mwasomola alikuwa mlangoni, kofia kichwani, sauti ilipotoka nyuma yake, kwenye televisheni: "Hodi jamani. Mbona mmeninyamazia?"

"Karibu," akajibu Mzee Mwasomola, kwa mazoea tu. Na mtu aliyekwisha kumkaribisha mgeni hawezi tena kuondoka. Akavua kofia, akaketi, na Baba Mkubwa akatamka kwamba ameridhia, bila kukatika hata silabi.

Tunsume alipoitwa, alisalimu kwa magoti, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya kochi.

"Nani ameziba tundu hili?"

"Mimi," akasema Shangazi. "Waya unaning'inia kama kamba ya mbuzi aliyetoroka, na tundu liko wazi hapo hapo. Ulitaka wageni waseme nini?"

Tunsume akauchomoa waya, akamweleza habari za ile hodi. Shangazi aliliinamia tundu lile jinsi mtu anavyochungulia kisima. Kisha akanyoosha kilemba chake.

"Ndiyo maana wahenga walisema," akatangaza, "ufa uzibe, tundu liulize."

Hakuna mhenga aliyepata kusema hivyo. Lakini Mzee Mwasomola aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, akasema ni kweli kabisa, hata marehemu babu yake alikuwa akiisema.

Tundu lile liko wazi hadi leo, nanyi soketi yenu ya bweni ina matatu. Ufa uzibe, tundu liulize.