Dhakwan Mchinjaji na Ubavu Uliooshwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen, uliokuwa kwenye njia ya misafara ya Hija, aliishi mchinjaji mcha Mungu aliyeitwa Dhakwan bin Nafi'. Hakuwa akishika kisu ila awe na udhu, wala hakumchinja mnyama mbele ya mnyama mwingine. Watu wa mji walisema kwamba kwa miaka thelathini hakupata kutoboa tumbo la mnyama wakati wa kumpasua, na sifa hiyo ilimkaa moyoni kuliko alivyojua mwenyewe.

Mwaka mmoja ukafika msafara mkubwa wa mahujaji. Kiongozi wao, Qudama bin Wail, akamwomba awachinjie ng'ombe wanane, nyama ikatwe vipande virefu vyembamba, itiwe chumvi na kuanikwa juani, iwe chakula chao jangwani. Dhakwan akaanza kazi baada ya Sala ya Alfajiri, peke yake, ndani ya ua wa machinjio.

Wa kwanza na wa pili walikwisha salama. Alipokuwa akimpasua wa tatu, naye amekwisha kutundikwa kwa miguu ya nyuma, mkono ukamtetemeka. Ncha ya kisu ikatoboa tumbo, na uchafu wa ndani ukatiririka juu ya mbavu na kidari.

Akatazama kulia na kushoto. Hakuna aliyeona. Akachota maji akaosha mara moja, na mara ya pili, na mara ya saba, mpaka nyama ikarudi kung'aa. Nafsi yake ikamwambia, "Sheria imesema najisi huoshwa, nawe umeosha. Una kosa gani?"

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kwani Dhakwan aliijua kazi yake. Nyama iliyomwagikiwa na uchafu wa tumbo, kisha ikalowa maji, huonekana njema siku ya kwanza, kumbe inaoza ndani kwa ndani chini ya chumvi. Atakayeila huko mbali na tabibu, huenda asiione Makka.

Tena palikuwa na jambo lililomuuma zaidi. Miaka miwili nyuma alikuwa na mwenzake kazini, jina lake Yasar, mtu mpole mwenye watoto. Siku moja Yasar alipasua utumbo wa ng'ombe, mara hiyo moja tu, na Dhakwan akamfukuza mbele za watu akisema, "Mkono kama huu haufai kugusa chakula cha Waislamu." Tangu siku hiyo Yasar alikuwa akibeba ngozi mbichi mgongoni kuwapelekea watengeneza ngozi.

Dhakwan akaukata ubavu ule, akauinua ili autie pamoja na nyama njema. Akataka kusema Bismillahi, kama ilivyokuwa desturi yake katika kila jambo. Ulimi ukawa mzito. Akajaribu tena, neno halikutoka. Akauweka chini, akaketi penye maji yaliyomwagika, akalia kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikiwa. Kisha akaosha kisu, akatoka kwenda kwa Qudama.

"Ewe kiongozi wa wageni wa Mwenyezi Mungu," alisema, "nimeharibu nyama ya ng'ombe mmoja. Nimetoboa tumbo."

Qudama alikuwa na haraka ya safari. "Umeiosha?"

"Nimeiosha."

"Basi imetwaharika, mzee wangu. Itieni chumvi twende zetu."

"Imetwaharika kwa mwenye kuswali," Dhakwan alijibu, "lakini haina amani kwa mwenye kula. Maji yameondoa najisi, hayakuondoa maradhi. Na mkono wangu unatetemeka tangu Shaabani, nami nilikuficha. Waliobaki siwezi kuwachinja."

Qudama akauliza, "Nani basi atakayewachinja?"

Dhakwan akainamisha kichwa. "Yuko mtu bora kuliko mimi. Nipe ruhusa nikamwombe."

Akamkuta Yasar njiani, mgongo umepinda kwa mzigo wa ngozi. Wapita njia wakasimama, kwani mji mzima ulijua habari zao. Dhakwan akasema kwa sauti ileile aliyomfukuzia, ili waliosikia lile wasikie na hili: "Yasar, leo nimetoboa tumbo kama ulivyotoboa wewe. Kosa lako lilikuwa la mkono. Langu mimi lilikuwa la moyo. Njoo ushike kisu."

Yasar akautua mzigo taratibu. "Mzee Dhakwan, siku ile sikukuomba uniache kazini. Nilikuwa nangoja neno moja tu litoke kinywani mwako."

"Neno gani?"

"Pole."

Dhakwan akamshika mikono yote miwili, na damu ya ng'ombe ingali kwenye vidole vyake. "Pole, mwanangu. Pole sana. Nimechelewa nayo miaka miwili."

Yasar akasema, "Tangulia. Nakwenda kuchukua udhu."

Nyama iliyoharibika ikafukiwa. Sehemu za ng'ombe yule ambazo uchafu haukuzifikia zikapikwa siku ileile, wakala masikini wa mji. Yasar akachinja watano waliobaki, na Dhakwan akakaa kando yake akimwonyesha jinsi ya kufunga koo na utumbo kwa kamba kabla ya kufungua tumbo, ujuzi aliokuwa hajamfundisha mtu. Pengo la nyama likazibwa na wenye mbuzi, kwani habari ilikuwa imeenea, na kila nyumba ilitaka kuwa na fungu katika msafara ule.

Miezi ikapita, mahujaji wakarejea. Bikizee mmoja miongoni mwao, Khaula, akaja mpaka mlangoni pa machinjio akiegemea fimbo. "Tulikula nyama yenu siku kumi na tisa za jangwa," alisema. "Hakuumwa tumbo mtu hata mmoja. Nimemwombea mchinjaji mbele ya Al-Kaaba, nami simjui jina."

"Jina lake ni Yasar," Dhakwan akasema.

"Na Dhakwan," akasema Yasar, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

Enyi ndugu, aibu ambayo mja aliikimbia ilikuwa mlango, na nyuma yake Mola alikuwa amemwekea ndugu yake, na dua ya mtu asiyemjua. Aliye na jambo analoliosha mara ya saba, na moyo wake bado haujatulia, asichote maji ya nane. Na aende akaseme.