Mtungi wa Kilimani kwa Masista

Hapo zamani, wala si zamani sana maana wenye kisa wangali na meno, palikuwa na mfinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, Tusekile, mwanamke asiyejua kutulia. Alisikia kisimani kwamba masista wamehama kilimani, nyumba yao imegeuzwa makumbusho ya vitu vilivyofukuliwa ardhini, na humo umo mtungi wa kale wenye kadi: umeletwa na wageni wa ng'ambo ya ziwa. Akaitua ndoo pale pale. Mitungi ya kale ya kando ya ziwa waliifinyanga bibi zake!

Akapanda kilima. Akamkuta Sista Generosa, mtawa pekee aliyebaki, mshika funguo, na Ambokile, mfagiaji. Mtungi ulikuwa ndani ya kabati la kioo, pale masista walipokuwa wakila. Tusekile akalizunguka, akainama, akainuka, akazunguka tena, vidole vikimwasha. Sista akamhurumia. Kioo ni cha wageni, akasema, huyu ni mwenyeji. Akafungua.

Sasa, mfinyanzi akishika chungu hukigonga asikie kama kimeiva. Mkono ukafanya ulichozoea. Ko! Mtungi ukaachana vipande vinne.

Mkuu wa makumbusho, Bi Lugano, akaja mbio. Sista akasema yeye alifungua tu. Tusekile akasema aligonga tu, na mtungi mzima haupasuki kwa kidole. Macho yakamgeukia Ambokile, naye akakiri: aliugonga kwa mpini wa fagio tangu Kwaresma, akaubandika kwa gundi, ufa akaugeuzia ukutani.

Bi Lugano akaokota kitako. Kwa ndani, alama tatu za dole gumba. Tusekile akaeleza kuwa ukoo wao hubonyeza hivyo kabla ya kufunga shingo. Ng'ambo hawana desturi hiyo. Bi Lugano si wa kuamini maneno. Akaagiza mitungi miwili ya Tusekile kutoka sokoni, akaivunja. Alama tatu, alama tatu. Basi kadi itaandikwa upya, akasema, na chini yake jina la aliyeifichua siri.

Ungewaona! Waliokimbia lawama sasa wanaigombea.

"Nisingefungua, mngesoma uongo kupitia kioo mpaka kiama," akasema Sista.

"Nisingeupasua kwanza, mama huyu angegonga mpaka kidole kivimbe," akasema Ambokile.

"Mmekaa nao miaka," akasema Tusekile, "mmoja anaufungia, mwingine anaufichia ufa. Nani aliyeuuliza ni wa nani?"

Bi Lugano akawatazama. "Jina ni moja tu. Litakaloandikwa kwenye kadi ndilo litakaloandikwa kwenye barua ya kosa, na mwenye jina hilo hakanyagi tena hapa."

Sista hana kwake pengine. Ambokile hana kazi nyingine. Tusekile, bibi zake wote wamo mle, na ndiyo kwanza amewaona. Lakini hakuna aliyefuta dai lake.

Haya, nyie mnaotafuna karanga: Bi Lugano ameshachovya kalamu. Aandike jina la nani?