Mawe ya Kutawadhia

Wamesimulia waliotutangulia kuwa katika mji mmoja wa Shamu, Mayahudi walihamishiwa makaburi yao mara mbili: kwanza ukuta wa mji ulipopanuliwa, kisha soko lilipokua. Mara zote mbili waliibeba mifupa ya wazee wao, wakaizika upya. Wakapewa makaburi ya tatu nje ya lango, wakaahidiwa kuwa hapo hawatabughudhiwa tena. Ahadi hiyo ilidumu mpaka liwali mpya alipotaka kujenga msikiti, akayaona mawe ya makaburi hayo, yaliyokwisha kuchongwa, akaamuru yang'olewe.

Imamu wa msikiti huo alikuwa Sheikh Luqman bin Wahb, Mola amrehemu. Kila siku alimwona ajuza mmoja amesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Akampelekea mkate.

"Sikuja kuomba, Sheikh," akasema ajuza huyo, aliyeitwa Simha. "Nimemfuata mume wangu. Jiwe la kaburi lake mmelitandika pale penye birika la kutawadhia. Nataka nizikwe ubavuni pake, na bila jiwe sitajua yuko wapi."

Sheikh akaenda birikani, akainama. Pale pale alipokuwa akioshea miguu kabla ya sala palikuwa na herufi za Kiyahudi. Mafundi hawakujisumbua hata kuligeuza jiwe. Nami kila nifikapo hapa hasira hunipanda, kwani watu walikuwa wakijitoharisha kwa ajili ya Mola wao juu ya kitu cha wizi, na wengi walijua.

Akaenda kwa liwali.

"Ni mawe ya Mayahudi tu," akasema liwali. "Nimejenga nyumba ya Mungu. Wataka kuniharibia thawabu zangu?"

"Mungu hakukutuma uwaibie maiti ili umpelekee Yeye zawadi."

Siku hiyo hiyo Sheikh akavuliwa uimamu. Akachukua mtaimbo, akaling'oa jiwe mbele ya waumini. Hakuna aliyemsaidia. Akalibeba mgongoni kupitia sokoni, Simha akimwongoza, hadi nje ya lango.

Huko walikuta uwanja mtupu, farasi wa liwali wakila majani. Simha akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Mwisho akasimama.

"Liweke popote, Sheikh," akasema. "Wote ni wetu."

Sheikh akaliweka, akalia. Kisha akarudi mjini kuchukua la pili.

Ndugu zangu, dhuluma haiwi ibada kwa kujengewa mnara juu yake. Mola atuepushe na thawabu za kuporwa makaburini.