Mtufaha wa Magaga

Tawi uligawalo ndilo shina lako. Mmeisikia methali hii makaburini leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua nani aliitamka kwanza. Ni Bibi Yustina mwenyewe, huyu tuliyetoka kumzika, na chanzo chake ni hiki.

Yustina alipoolewa hapa Njombe alikuta uani kwa mumewe, Elikana, mtufaha mmoja. Elikana aliupata kwa kijiti alichopewa na mtunza bustani wa misheni, akakibebesha, yaani akakichomeka na kukifunga, juu ya shina la mtufaha mwitu. Mbegu ya tufaha haifuati mama yake. Ukitaka tunda lile lile, sharti ufunge kijiti cha mti ule ule.

Matunda yake hayakuvutia macho. Ganda lilikuwa la kahawia, lenye kukwaruza kama kisigino chenye magaga. Watu waliyacheka. Lakini Elikana aliyalaza darini juu ya majani makavu, na baridi ilipokolea, yalikuwa matamu kuliko matufaha yote ya sokoni. Yaliyobaki waliyatwanga kinuni, wakayakamua na kuyaacha maji yake yachachuke taratibu ndani ya mtungi. Hata wazee waliozoea ulanzi, pombe ya mianzi, walikuja kuonja, wakasahau kuaga.

Kila msimu wa baridi, mti ukiwa umelala, Elikana alipogoa na kugawa vijiti. Yustina hakupenda. Kilichomkera zaidi ni siku Elikana alipomfungia kijiti Luhwavi wa ng'ambo ya mto, ambaye mbuzi wake walikuwa wamemaliza njegere zao, naye hakuja hata kusema pole.

“Hata huyu?” Yustina alifoka.

“Mama Sifa, vijiti vyenyewe ni vya kutupa.”

“Basi vitupe!”

Elikana alicheka, akavuka mto.

Miaka ilikwenda, Elikana akafariki. Yustina aliendelea kuyalaza matufaha darini na kutwanga kama alivyofundishwa. Akimimina kikombe cha kwanza, alihisi mumewe yuko chumba cha pili. Hakugawa kijiti tena. Mti ule ndio uliokuwa umembakia.

Kisha, kiangazi kimoja, moto wa kusafisha mashamba ukakimbizwa na upepo hadi uani. Mtufaha uliungua hadi chini. Mvua ziliponyesha, mizizi ikachipua, na Yustina akashangilia, mpaka alipoyatazama machipukizi vizuri. Yalikuwa ya mtufaha mwitu, lile shina la chini; kijiti cha Elikana kilikuwa kimeteketea. Akaketi kando ya jivu, akalia kama siku ya msiba.

Akawaendea wote wa upande wake wa mto waliopewa vijiti. Walikuwa wameing'oa miti ile, wakapanda matufaha mekundu ya kuuza. Mmoja akamwambia, “Labda Luhwavi.”

Ilimchukua muda kuukubalisha mguu wake uvuke mto.

“Hodi!”

“Karibu, Mama Sifa. Leo jua limechomozea wapi?”

“Usinitanie, shemeji. Nimesikia mti wako bado upo.”

“Upo. Mke wangu huuomba uwe kuni kila mwaka. Nikamwambia, mbuzi wangu walikula shamba la mtu, naye akaja kunipa mti. Nikiukata, nitauota moto wake kwa uso gani?”

Yustina alitazama chini. “Mimi nilimkataza asikupe.”

“Najua. Sauti yako ilivuka mto kabla yake.”

Wakacheka wote wawili, na Yustina akajikuta anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Baridi ilipofika, Luhwavi alikuja na kisu na vijiti vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi. Alikata machipukizi ya mwitu, akapasua, akachomeka, akafunga. Kijiti kilishika. Kikanenepa, kikabeba matawi, na mwaka wake wa kuzaa ulipofika kikazaa matunda ya kahawia yenye magaga.

Kikombe cha kwanza cha mavuno yale Yustina alimpa Luhwavi kwa mikono miwili. Kisha akaliegemea shina, akasema polepole, kama anayemjibu mtu aliyengoja jibu muda mrefu:

“Elikana, ulisema kweli bila kusema. Asante. Tawi uligawalo ndilo shina lako.”

Tangu hapo hakumnyima mtu kijiti.

Kile kikombe mlichopewa mchana huu baada ya mazishi kimetoka kwenye mti huo. Na vile vijiti mnavyoviona mlangoni, vimeviringishwa kitambaa chenye maji, ni agizo lake: kila atakayekuja kumzika aondoke na kimoja. Basi inukeni mkachukue, na msichague mnayemgawia. Tawi uligawalo ndilo shina lako.