Mjane Aliyebonyeza Zuia

Kuna mama mmoja mjane nataka mumjue leo, na nawaambia mapema kwamba mimi nampenda kwa sababu ni mbishi.

Mama huyu ni katibu wa kikundi cha wajane walionyang'anywa mashamba na mkubwa mmoja. Ushahidi wao wote, pamoja na majina yao, ameuandika kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Baraza la ardhi linakaa Alhamisi. Majina yakimfikia yule mkubwa kabla ya siku hiyo, mnajua wenyewe jinsi wajane watakavyotishwa mmoja mmoja mpaka wanyamaze.

Basi akamwita fundi. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akawasha ile kinga wanayoiita ukuta wa moto. "Mama, kitu kikitaka kuingia au kutoka kwa njia ya mtandao, ukuta huu utakuuliza kwanza. Usichokijua, zuia."

Jumatatu akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na flashi mkononi. "Shemeji, nimekuletea nyimbo za ile kwaya aliyoipenda kaka."

Niambieni ninyi, nani hapa amewahi kumfungia shemeji mlango? Mama akampisha kwenye kiti, akaenda jikoni kuchemsha chai. Kurudi, kwaya inaimba na shemeji anacheka: "Ule ukuta wako nimeuzima. Kazi yake kutusumbua tu."

Mgeni umemkaribisha mwenyewe, chai iko mezani, utaanzaje kumgombeza? Mama akanyamaza mpaka shemeji alipoaga. Kisha akaketi, akafuata hatua alizoonyeshwa na fundi, akauwasha tena kwa mkono wake.

Hazikupita dakika mbili, maandishi yakatokea kwenye kioo: kuna programu inaomba kutoka, unakubali au unazuia?

Inaomba kutoka? Kwani iliingia lini? Mama akabonyeza zuia. Ikauliza tena, akazuia tena.

Simu ikalia. Ni shemeji. "Shemeji, hicho kinachokuuliza hapo, we bonyeza kubali tu. Ni mambo ya nyimbo hayo."

"Wewe umejuaje kwamba kinaniuliza?"

Shemeji akaanza kubembeleza: "Lakini sisi si ni familia moja?"

"Ni familia moja, shemeji. Na nimezuia."

Akachomoa waya wa intaneti, akamwita tena fundi aisafishe kompyuta; fundi akakuta programu iliyoingia na ile flashi, imepangwa kumtumia yule mkubwa majina shemeji akishaondoka. Alhamisi wajane wote walisimama barazani, wakasema.

Jamani, ule ukuta haukubomolewa na mwizi wa mbali. Ulizimwa na mtu aliyekaribishwa chai, na mwenye nyumba akanyamaza kwa adabu. Ndivyo tulivyo sisi! Mjomba anazima dhamiri yako mchana kweupe, rafiki anazima, mchangiaji mkubwa wa harusi yako anazima, nawe unamwongezea sukari. Nani alitufundisha kwamba mcha Mungu hana ruhusa ya kukataa? Mimi sikufundishwa hivyo, na hapa madhabahuni sitafundisha hivyo.

Aliyeuzima ukuta wako hatarudi kuuwasha. Ukifika nyumbani leo, keti, uwashe mwenyewe. Simu itakulilia, hilo nakuhakikishia. Ipokee kwa heshima zote, umsalimie, umuulize hali ya watoto, halafu umwambie: nimezuia.