Nguchiro na Mpira wa Mbegu

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri, aliye nyuma asogee mbele.

Tumekaa, tumesogea!

Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walicheza mpira kila jioni. Mpira wao ulifungwa kwa majani makavu ya mgomba, na watazamaji walipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho.

Nguchiro alikuwa mchezaji hodari. Siku moja Swila, nyoka atemaye sumu, aliingia kwenye viota vya Kanga. Nguchiro akapigana naye, akamfukuza. Lakini sumu ilimwingia machoni, akawa kipofu.

Maumivu yalipokwisha, ingawa haoni tena, akaenda uwanjani. Pundamilia ndiye aliyepanga timu.

"Mjomba Pundamilia, nipange na mimi."

"Wewe pumzika, mpwa wangu. Keti hapo utulindie maji."

Nguchiro akaketi, akalinda maji, akasikiliza wenzake wakikimbia.

Siku ya pili akaenda tena. "Mjomba, nipange."

Pundamilia akanong'ona na wenzake, kisha akasema, "Haya, ingia."

Mpira ukawekwa miguuni pake. Akaupiga. Ukaenda polepole, polepole, ukaingia golini.

"Baooo!" wakashangilia. Fisi akambeba mabegani.

"Niteremshe," akasema Nguchiro. "Nilipopiga sikusikia hata mguu mmoja ukikimbia. Kanga, wewe ndiye golikipa. Ulikuwa wapi?"

Kanga akainamisha kichwa. "Nilisogea pembeni, kaka. Tulikuonea huruma."

"Basi bao hilo si langu. Lifuteni."

Akaondoka peke yake, akipapasa njia.

Asubuhi Kanga akaufungua ule mpira, akatia ndani kibuyu kidogo chenye mbegu kavu, akaufunga upya. Sasa ukiviringika unalia: chaka-chaka, chaka-chaka.

Siku ya tatu Nguchiro akaenda tena. "Mjomba, nipange."

"Mpira unalia, nimeusikia," akasema Pundamilia. "Lakini kwa kelele hizi wewe utausikiaje?"

"Watazamaji wanyamaze mpaka bao liingie," akasema Kanga.

"Fisi naye anyamaze?" akauliza Pundamilia. Wote wakacheka.

"Nitauma ulimi," akasema Fisi.

Pundamilia akamgeukia Nguchiro. "Leo sikuachii, mpwa wangu."

"Usiniachie, mjomba!"

Uwanja ukawa kimya. Chaka-chaka! Nguchiro akaufuata mpira. Akampita Swala. Akampita Ngiri. Pundamilia akaja mbio, pu! Akamnyang'anya mpira, na Nguchiro akaanguka chali vumbini.

Wote wakashtuka. Kanga akaacha goli lake, akamkimbilia. "Umeumia, kaka?"

Nguchiro akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba kaninyang'anya kweli kweli! Mpira uko wapi? Tuendelee!"

Siku hiyo hakufunga bao, na timu yake ilishindwa. Lakini alirudi nyumbani na vumbi mgongoni kama wenzake. Kesho yake hakuomba. Pundamilia alimwita mwenyewe, akamkaripia kidogo kwa kuchelewa. Na maji yakalindwa kwa zamu.

Wanangu, mwenzetu mwenye ulemavu hahitaji tumwachie bao. Tuondoe kile kinachomzuia, kisha tucheze naye kweli.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokomea. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.