Sketi Nyekundu ya Mama Mkwe

Katika Uchina ya kale, mjini Lanshui, haikuwa salama kumiliki sketi nzuri kuliko za mke wa liwali. Mke huyo, Bibi Tang, alikuwa akiiona nguo ya mtu asubuhi, akiisifu, na jioni yake akiivaa.

Siku moja machela yake ilitua mlangoni kwa Qiaozhen. Mle ndani mlikuwa na sketi ya mama mkwe wake, ya hariri nyekundu yenye marinda tele, pamoja na blauzi yake. Wifi yake Qiaozhen alikuwa aolewe nazo kesho yake.

"Nasikia mna sketi," alisema Bibi Tang. "Nina karamu leo."

"Ichukue, bibi mkubwa. Mama mkwe hataihitaji tena."

Qiaozhen aliingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na nguo zimekunjwa vizuri, blauzi juu. Bibi Tang alizipokea, akaizamisha pua yake kwenye hariri. Ghafla akaganda.

"Mbona blauzi imefungwa kushoto? Walio hai hufunga kulia. Kushoto hufungwa maiti."

"Ndivyo tulivyomvisha jana," alisema Qiaozhen, akijifuta macho. "Tuliposikia unakuja, tukamvua. Harufu itaisha ukizianika juani."

Nguo zilianguka kizingitini. Bibi Tang alirudi kwenye machela mbio, akijipangusa pua kwa mikono yote miwili.

Qiaozhen aliokota sketi, akaikung'uta. Mama mkwe alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Na mimi nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakuuliza, mama."